Mastaz ya saikolojia ya elimu: unakwenda kusomea nini hasa?

"Huyu hasikii."

Aliyewahi kukaa ofisi ya walimu ameisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko kengele. Mwalimu anaitamka bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha, na mtoto mwenyewe kasimama mlangoni. Sasa, hasikii maana yake nini? Huenda mtoto ni mkorofi: leo anakatazwa, kesho karudia. Huenda masikio yake yamekuwa yakitoa usaha tangu mdogo na kweli hasikii. Au anasikia vizuri kabisa, ila somo ni la Kiingereza, haambulii kitu, na mawazo yameshakwenda uwanjani. Kiswahili kimeyafungia yote matatu ndani ya neno moja. La kwanza linataka malezi, la pili linataka hospitali, la tatu linataka mtu akae na watunga mitaala. Shuleni, mara nyingi, yote matatu huishia kwenye fimbo.

Kulifungua neno kama hilo na kuonyesha kwa ushahidi kipi ni kipi: hiyo ndiyo saikolojia ya elimu, kwa uchache wa maneno. Naanzia hapo kwa sababu kila dirisha la maombi ya uzamili linapofunguliwa katika vyuo vikuu vya umma, maswali ninayopigiwa ni yaleyale, na wanaouliza wengi ni walimu wa sekondari. "Mwalimu, nikimaliza naruhusiwa kufungua ofisi ya ushauri nasaha?" "Ni kama udaktari wa akili?" "Halafu, kuna hesabu humo?" Majibu ni hapana, hapana, na ndiyo, tena nyingi. Lakini mtu hawezi kuacha kituo chake cha kazi miaka miwili kwa majibu ya neno mojamoja, kwa hiyo nitayafafanua.

Jina moja, kazi tatu

Wanaochanganyikiwa hawana kosa. Jina hilihili limebeba kazi tofauti kulingana na nchi, na ukilitafuta mtandaoni zinakuja zote kwa mkupuo.

Kule England, mwanasaikolojia wa elimu ni mtu anayekwenda shuleni kumwona mtoto. Mwaka 1913 serikali ya mji wa London ilimwajiri Cyril Burt kuwachunguza watoto walioonekana kushindwa masomo, na kazi yake ikaja kuwa taaluma kamili. Siku hizi anayeitaka hupitia mafunzo ya uzamivu ya miaka mitatu, na jina la cheo hicho linalindwa na sheria, kama hujajisajili, hulitumii. (Burt mwenyewe aliacha kivumbi. Alipofariki mwaka 1971, wenzake walianza kukagua takwimu zake za mapacha, wakakuta namba zinazofanana kupita kiasi. Kama alizipika au la, wanabishana mpaka leo. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii ninapowaona wananukuu namba za wakubwa kwa unyenyekevu mwingi.)

Marekani ni jambo jingine. Edward Thorndike na wenzake walitaka kujifunza kwa mtoto kuchunguzwe kama fizikia inavyochunguza mwendo, na mwaka 1910 wakaanzishiwa jarida la fani yao. Mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani anaweza kustaafu bila kumpokea mtoto hata mmoja ofisini: yeye anachunguza kumbukumbu, usomaji, motisha, jinsi mtihani unavyotungwa. Anayewapokea watoto ni mtu wa fani ya jirani, saikolojia ya shule, ambayo chama chake cha kitaifa kinadai saa 1,200 za mafunzo kazini kabla mtu hajaitwa amehitimu.

Kwetu, fani hii imezaliwa jikoni mwa ualimu. Mwalimu mwanafunzi alihitaji kujua mtoto wa miaka saba anafikirije kabla hajapelekwa mazoezi ya kufundisha, basi akapewa somo la saikolojia. Baadaye ushauri nasaha ukaongezwa hukohuko, elimu maalumu ikaongezwa, upimaji na tathmini ukaongezwa. Ndiyo maana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 kama tawi la University of London na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, saikolojia ya elimu inakaa idara moja na mitaala. Kenyatta University ya Kenya inayo idara yake yenyewe ya saikolojia ya elimu. Ukitoka chuo kimoja kwenda kingine, jina la shahada linabadilika hata pale yaliyomo yanapofanana: mara Uzamili wa Elimu, mara Uzamili wa Sanaa katika Elimu, mara ushauri umetengwa, mara umemezwa humohumo. Usichague kwa jina. Omba orodha ya kozi.

Kuhusu ofisi ya ushauri: Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia, ikiwa na bodi ya kuwasajili, hivyo shahada peke yake haikupi ruhusa ya kupokea wateja. Na hata pale ambapo hakuna askari mlangoni, jiulize ni saa ngapi za kukaa na mtu mwenye shida, chini ya macho ya mzoefu, ambazo programu hiyo imekupa. Programu nyingi za saikolojia ya elimu zinakupa chache mno, kwa sababu hazikutungwa kwa kazi hiyo. Mwenye wito wa ushauri atafute uzamili wa ushauri.

Basi humo ndani mna nini

Nadharia utazikuta, na hazitakutisha. Piaget na hatua zake za kukua kwa fikra za mtoto ulishamsoma shahada ya kwanza. Bandura utakutana naye tena, safari hii kwa urefu, juu ya imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, atakurudia kila muhula, na anastahili. Wazo lake kubwa mwalimu yeyote wa darasa la kwanza analijua kwa vitendo: kuna anachoweza mtoto akiwa peke yake, na kuna anachoweza akishikwa mkono, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili inakueleza zaidi kuliko kile cha kwanza peke yake.

Nadharia hizo zinakwisha ndani ya wiki chache. Kinachobaki, na kinachowatoa watu jasho, ni upimaji. Takwimu, mbinu za utafiti, utungaji wa vipimo. Ulitaka kumjua mtoto, unajikuta saa nne usiku mbele ya SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, ukitafuta kwa nini namba imekuwa hasi. Wengi hulalamika hapa kwamba wamedanganywa. Hawajadanganywa. Motisha haionekani kwa macho, wala wasiwasi wa mtihani, wala akili. Ukitaka kusema kwamba mbinu mpya ya kufundisha imeongeza motisha ya wanafunzi wa kidato cha pili, lazima kwanza uonyeshe kwamba kile ulichokiita motisha ulikipima kweli. Tasnifu nyingi huvunjika mguu hapo, nazo huvunjika kimyakimya.

Nitatoa mfano wa hapa nyumbani, kwa kuwa mara nyingi tunafundishwa mambo haya kwa mifano ya Chicago.

Kilichotokea Bagamoyo

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa timu iliyowahusisha wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, uliofanywa katika shule za msingi za karibu na Bagamoyo. Watoto 358 wenye umri wa miaka 11 hadi 13 walipewa majaribio ya kufikiri: kupanga kadi kwa makundi, kutoa hitimisho kutoka sentensi mbili, na mchezo wa maswali ishirini wa kukisia kitu. Mpaka hapo ni kama mtihani wowote. Kisha wakafundishwa, kwa muda usiofika saa moja, namna ya kuyaendea maswali ya aina hiyo. Wakapimwa tena. Watoto wengine wapatao mia moja walipimwa mara mbili vilevile bila kufundishwa kitu katikati.

Waliofundishwa alama zilipanda, na hilo halimshangazi mtu. La kushangaza liko kwenye mpangilio. Kwa wale ambao hawakufundishwa, uhusiano kati ya alama za kwanza na za pili ulikuwa karibu 0.8, maana yake aliyekuwa juu alibaki juu na wa mkiani akabaki mkiani. Kwa waliofundishwa, uhusiano ulishuka hadi karibu 0.3. Orodha ilivurugika. Mtoto aliyekuwa wa chini mara ya kwanza, baada ya dakika chache za kushikwa mkono, aliweza kuwapita waliokuwa mbele yake.

Fikiria sasa mwalimu aliyepokea orodha ile ya kwanza tu. Angewagawa watoto mikondo A, B na C kwa moyo mweupe kabisa, na angekuwa amewagawa kwa kiasi kikubwa kwa yale waliyokwisha kuonyeshwa nyumbani au darasani, akidhani amewagawa kwa uwezo. Simsemi vibaya mtunga mtihani. Mtihani wa mara moja unajibu swali la nani anajua nini leo, na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina sababu zake za kuuliza swali hilo. Kosa ni sisi kuchukua jibu la swali hilo na kulitumia kwa swali jingine, la nani ataweza kesho.

Timu hiyohiyo ilikwenda pia Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Huko waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wa dawa za asili: mwenzako anaumwa tumbo hivi na hivi, unachuma mmea upi, unampa kiasi gani? Wakalinganisha na alama za msamiati wa Kiingereza. Uhusiano ukawa hasi. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo za Kiingereza, na kinyume chake. Watafiti walilieleza hivi: familia huwekeza muda wa mtoto mahali inapotarajia faida, na anayeandaliwa kwa maisha ya kijijini hapewi saa nyingi za vitabu. Usomaji mwingine unaweza kutolewa. Lakini mtu akishaiona namba ile, hatamki tena "mtoto mwenye akili" kwa wepesi aliokuwa nao jana.

Wajaluo, kwa mujibu wa kazi ya Grigorenko na wenzake iliyochapishwa mwaka 2001, wana maneno manne pale sisi tunapotaja akili: rieko, yaani maarifa na ujuzi, luoro, heshima, winjo, kuelewa namna ya kuyaendea mambo ya maisha, na paro, kufikiri na kuthubutu kuanza jambo. Katika manne hayo, ni rieko peke yake iliyokwenda sambamba na alama za shule. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tusijifanye hatuhusiki. Tuna akili, busara, hekima, werevu, ujanja, na juu yake tunasema fulani ana akili za darasani tu. Mtu hasemi "za darasani tu" kama haamini kwamba kuna nyingine.

Mfano wa mwisho, kwa ufupi, ni wa Zambia. Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi Lusaka, mwaka 1979 alichapisha ulinganisho wa watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia waliongoza, na yeyote aliyewahi kuunda gari la waya utotoni anajua kwa nini. Kwa udongo walikuwa sawa. Kama kifaa kilichokuwa mezani ni kalamu peke yake, tungeandika nini kuhusu watoto wa Zambia?

Dodoso lako, sentensi ya saba

Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili anaporudi kwenye kazi yake mwenyewe na kuogopa kidogo, jambo ambalo ni dalili nzuri. Wengi hutumia dodoso lililotungwa kwingine, wakalitafsiri kwa Kiswahili, wakakusanya majibu, kisha wakaandika tasnifu kwa Kiingereza. Tafsiri hupewa jioni moja. Mimi ningeipa mwezi.

Chukua kipimo cha kujithamini cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965. Ni sentensi kumi tu, ndiyo maana kinapendwa. Tano zinasema mambo mazuri kuhusu nafsi, tano zinakanusha. Tafsiri sentensi yoyote ya zile nzuri haraka haraka na utaandika "Najiona kuwa mtu wa thamani." Sarufi haina kasoro. Mpelekee binti wa kidato cha kwanza wa kijijini uone. Mtaani, anayejiona ni mwenye maringo. "Anajiona huyu" ni tusi. "Anajisikia" ndiyo mbaya zaidi. Binti amelelewa akiambiwa asijione, sasa karatasi ya chuo kikuu inamuuliza kama anajiona, naye kwa adabu zake anazungushia "Sikubali". Wewe unaenda kuandika kwamba wasichana wa vijijini hawajithamini. Umepima adabu.

Zile za kukanusha zina mtego wake. Muulize mtu "Hujala?" Akiwa hajala atakujibu "Ndiyo, sijala," au "Ee." Kwa Kiswahili, ndiyo inakubaliana na sentensi ilivyosemwa. Sasa mwekee mtoto sentensi "Sina mambo mengi ya kujivunia," halafu mpe kuchagua kati ya "Nakubali sana" na "Sikubali kabisa". Anayejivunia mambo yake inabidi akatae kukanusha, yaani akanushe mara mbili kichwani, huku kengele ya mapumziko inakaribia. Baadhi wataweza. Baadhi watazungusha kwa kufuata hisia ya neno "sina". Tatizo hili halipo kwetu tu: uchambuzi wa kipimo hichohicho katika nchi 53, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba sentensi za kukanusha hazijibiwi kwa namna moja kila mahali.

Matokeo yake utayaona kwenye ile namba ya alfa, ambayo Lee Cronbach aliieleza mwaka 1951 na ambayo kila msimamizi anaiulizia. Inaonyesha kama sentensi za dodoso lako zinavutana kwenda upande mmoja. Kwa mazoea inatakiwa ifike 0.70. Mwanafunzi anapata 0.52, anakimbilia kufuta sentensi mpaka namba ipande, na tasnifu inapita. Sijawahi kupendezwa na dawa hiyo. Namba imekwambia kwamba watoto hawakukuelewa. Ukifuta sentensi walizoshindwa kuzielewa bila kuwauliza walielewa nini, umemnyamazisha shahidi.

Dawa ya kweli haina umaridadi. Mtafute mtoto mmoja anayefanana na wale utakaowapima, kaa naye chini ya mti, msomee sentensi moja, kisha mwambie: "Nieleze kwa maneno yako, hapa nimeuliza nini?" Watoto sita au saba wanatosha kukuvunja moyo. Pia wapo waliotangulia kuifanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa. Kilifi, pwani ya Kenya, kimetengenezwa kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichoanzia kwenye lugha na maisha ya hapohapo badala ya kuletwa kikiwa kimefungwa kwenye boksi.

Safari ya makaratasi

Utaratibu wenyewe hauhitaji maneno mengi. Kwa mtindo wa kozi na tasnifu, mwaka wa kwanza ni wa darasani, na mitihani yake ni mitihani kweli. Supu (mitihani ya kurudia) zipo na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) kupo, hata kwa mtu mzima mwenye watoto chuoni. Mwaka wa pili unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya idara, unarekebisha, unakwenda uwandani, unarudi kuandika. Kwenye karatasi ni miezi 18 au 24.

Kinachourefusha ni barua. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, barua inashuka kwa Afisa Elimu, inafika kwa mkuu wa shule, naye anakupokea vizuri sana na kukuomba urudi baada ya mtihani wa moko. Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na baada yake bado kuna ofisi za kaunti za kubisha hodi. Kisha kuna ridhaa ya wazazi, maana unaowahoji ni watoto, na mzazi ana haki ya kuuliza anasaini nini. Pangia kalenda ya shule kabla ya kalenda ya chuo. Anayemaliza pendekezo lake mwezi wa tisa amejipangia kusubiri mpaka Januari.

Nina ugomvi mmoja mdogo na desturi za hatua hii. Karibu kila pendekezo lina jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linalokupa ukubwa wa sampuli: watu 10,000, chukua 370, watu milioni moja, chukua 384. Ni jedwali zuri. Lakini limetungwa kwa mtu anayewachota watu mmojammoja kwa bahati nasibu kutoka kundi lote. Wewe umechukua shule nne na kuingia madarasa mazima. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja, na pengine njaa moja, wanafanana. Watoto 370 kutoka shule nne hawakupi habari ya watoto 370. Niliwahi kuliuliza hili kwenye utetezi wa mtu, nikaambiwa na mzee mmoja wa meza kuu kwamba namchelewesha kijana wa watu. Labda kweli nilimchelewesha.

Na msimamizi? Mchague kwa kuuliza waliomaliza chini yake, wala usiulize kama ni mkali. Uliza rasimu inakaa kwake siku ngapi.

Baada ya joho

Hapa nitakuwa mkweli kuliko vipeperushi. Kiwango cha kawaida cha kudahiliwa uzamili kwenye vyuo vyetu vya umma Tanzania ni GPA (wastani wa alama za shahada ya kwanza) ya 2.7, na kwa hiyo watu wengi hufungua mlango huo wakidhani upande wa pili kuna kazi ya uhadhiri. Soma matangazo ya ajira ya vyuo hivyohivyo: kwa kawaida yanadai 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Mtu mwenye 3.1 ya shahada ya kwanza anaweza kuipata mastaz yake kwa alama za juu kabisa na bado tangazo likampita. Heri alijue hilo kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Nafasi nyingine zipo, ila hazina jina la fani mlangoni. Vyuo vya ualimu vinahitaji wakufunzi. Mashirika yanayopima kusoma na kuhesabu, kama Uwezo iliyoanza kupita kaya kwa kaya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 2000, yanahitaji watu wanaojua kutunga swali ambalo mtoto wa Kasulu na wa Kariakoo watalielewa sawa. Miradi ya elimu hutafuta watathmini kila mwaka, na wengi inaowapata wanajua kuchora grafu bila kujua kilichopimwa. Na wapo wanaorudi darasani kwao, kufundisha Biolojia kidato cha tatu kama zamani, kwa mshahara uleule au unaokaribia uleule. Mwalimu aliyeajiriwa ahakikishe ruhusa ya masomo iko kwa maandishi kabla hajafunga mizigo. Asiyeweza kuondoka kituoni, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kwa ajili ya watu kama yeye.

Kabla ya kuamua, nenda maktaba ya chuo unachokitaka, omba tasnifu tatu za fani hii, na usianze na sura ya kwanza. Anza na viambatisho, mahali dodoso lilipo. Soma sentensi moja baada ya nyingine ukijifanya mtoto wa darasa la tano. Ukijikuta unabishana na karatasi, unataka kulitoa neno hili na kuliweka lile, kozi hii itakufaa. Ukisinzia, rudisha vitabu na umtafute mtu wa uongozi wa elimu akueleze ya kwao.

Ile "hasikii" nayo nilipata kuikuta kwenye fomu, sentensi ya saba, walimu wakitakiwa kuweka tiki: "Mtoto hasikii anapoitwa." Karibu nusu ya darasa ilikuwa imetikiwa. Tuliifuta, tukaandika: "Simama nyuma yake hatua tatu, asikuone. Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Je, amegeuka?" Mwalimu mmoja alirudisha fomu kesho yake, zote zimejazwa ndiyo, isipokuwa ya mtoto mmoja wa dawati la nyuma, mtundu maarufu wa shule nzima. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimemwita mara tatu." Tukamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya.